Ukurasa wa Jina la Zamani

Mume wangu alipohamishiwa shule moja ya Mulot, tulikubaliana kwamba mimi na mtoto tungemfuata mahindi yakishavunwa. Mahindi yalivunwa, yakapukuchuliwa, yakaingia kwenye magunia, nami bado nilikuwa Kericho, katika chumba kilichokuwa stoo ya mikebe ya rangi, nimekaa mbele ya kompyuta ya baba mkwe wangu.

Hakuna aliyenifungia. Mlango ulikuwa wazi siku zote, kwa sababu ukiufunga, chumba kilinuka unyevu. Lakini nilijua kompyuta, na katika boma lile hakuna mwingine aliyeijua. Hiyo ilitosha.

Baba mkwe alikuwa amefanya kazi tangu ujana wake kwenye mashamba makubwa ya chai. Alianza akipima majani kwenye mizani, akamaliza akiwa msimamizi. Alipostaafu alinunua nyumba ya mawe nje kidogo ya mji, iliyokuwa ya meneja mmoja wa kizungu, yenye bomba la moshi na bustani inayoteremka hadi mtoni, akaifanya nyumba ya wageni. Jina la Kiingereza la nyumba, lililokuwa la meneja huyo, lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la lango, na mwanzoni aliliacha hivyo hivyo. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyekuwa amepanga chumba kwetu, ndiye aliyetutengenezea kurasa za kwanza za intaneti. Zilikuwa na herufi za manjano juu ya rangi ya kijani, picha mbili zenye ukungu, na maelezo marefu kuhusu nyumba, mto na ndege wa bustanini. Siku hizi watu wanasema tovuti. Baba mkwe alisema "gazeti ya kombyuta."

Mwalimu aliporudi kwao aliniachia kazi hiyo. Nilikuwa nimesomea uandishi wa taipu na kazi za ofisi, vidole vyangu vilikuwa vyepesi, na sikuogopa mashine. Laiti ningeiogopa kidogo.

Kule kwenye intaneti kulikuwa na mitambo ya kutafutia. Mtu aliye mbali aliandika maneno machache, kama Kericho na chai na mahali pa kulala, mtambo ukamletea kurasa zinazozungumzia mambo hayo. Sisi tulikuwa juu kabisa. Hatukuwa na ujanja wowote. Ni kwamba miaka hiyo watu wachache sana walikuwa wameandika chochote kuhusu Kericho. Na wengi waliotupata walitutafuta kwa jina la zamani la nyumba. Walikuwa watu waliozaliwa kwenye mashamba yale, watoto wa mameneja, sasa wazee wenye wajukuu, wakitamani kuona tena walipochezea.

Kila asubuhi, kama mvua ya jana haikuharibu laini, niliunganisha simu na Nairobi, modemu ikalia kama kuku aliyekanyagwa, nikachukua barua pepe na kuzichapa. Kisha nilisimama kwenye mlango wa sebule ndogo, nikamsomea baba mkwe kwa Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Kikipsigis, lakini mambo ya ofisi aliyataka kwa Kiswahili, hata kutoka kwangu. Nilisoma macho yakiwa kwenye karatasi, naye alisikiliza akitazama dirisha. Karatasi ilitusaidia sote wawili. Jinsi nilivyolelewa kwetu Chepseon, mke wa mwana hamkazii macho baba wa mume wake, wala hasimami kubishana naye. Lakini maneno ya mgeni niliweza kuyasoma kwa sauti kamili.

Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, na mara nyingine hata mwisho wa mwezi hakuja. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Jumamosi moja nilikuwa naye kibarazani, baba yake akaingia langoni na begi begani, kaloweshwa na mvua. Mtoto akapiga makofi. "Mgeni! Mgeni!" akapaza sauti, kisha akakimbia kumtafutia ufunguo wa chumba, kama alivyoona watu wazima wakifanya. Mume wangu alicheka. Aliinama kuvua viatu, na alikaa ameinama muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji.

"Tutahama lini?" nilimwuliza tulipokuwa peke yetu.

"Nitaongea na Mzee."

Alienda, akakaa na baba yake kando ya moto. Aliporudi nilimwuliza wamesema nini.

"Ameniambia yule ng'ombe mweusi atazaa karibuni."

"Na wewe?"

"Nikasema ni vizuri."

Sikumkasirikia. Nilijua jinsi baba yake alivyompunguza sauti tangu utotoni.

Mwaka huo baba mkwe aliongeza vyumba upande wa nyuma, akaamua pia kubadilisha jina la nyumba. Ingeitwa kwa jina la mama yake, aliyechuma chai kwenye mteremko ulio mbele ya nyumba akiwa amembeba yeye mgongoni. Sikuona ubaya wowote katika hilo, na hata leo sioni. Aling'oa jiwe la lango kwa mikono yake, akasimamisha kibao kipya, kisha akataka na gazeti la kompyuta libadilike.

Aliyekuja kuifanya kazi hiyo alikuwa kijana mtaalamu wa kompyuta kutoka Nairobi. Wazazi wake walikuwa Wakikuyu waliohamia Kedowa zamani na kufungua duka, kwa hiyo kila alipokuja kumsalimu mama yake alipitia kwetu. Alikuwa mpole, mwenye kusema jambo mara moja kisha akanyamaza.

"Hii yote toa," baba mkwe alimwambia, akigonga kioo kwa kidole. "Hiyo manjano, hiyo kijani, na hilo jina. Weka picha kubwa. Maneno yakae ndani ya picha, kama kalenda."

"Picha nitaweka, Mzee. Lakini mtambo wa kutafutia hausomi picha. Unasoma maneno. Na kila ukurasa unaujua kwa anwani yake, kama sanduku la posta. Ukifunga sanduku bila kuambia mtu, barua zitaendelea kwenda huko huko."

"Si watajua mpya?"

"Watajua, lakini itachukua miezi. Tuache kurasa za zamani na anwani zao. Mtu akifungua, zinampeleka zenyewe kwa mpya. Halafu tuandike mstari mmoja tu, kwamba zamani nyumba hii iliitwa hivi."

Baba mkwe aliinuka kitini. "Kijana, nimenunua hii nyumba. Nimeezeka mabati mapya. Nimetoa lile jiwe na nyundo yangu mwenyewe. Na bado niandike jina ya mtu aliyekuwa akifokea mama yangu?"

Kijana alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

Kijana alipoenda kunawa mikono, baba mkwe alinigeukia kidogo, nusu ya uso. "Na wewe, maliza kazi na huyu. Wageni wakikuja na jina mpya vile walikuwa wakikuja na ya zamani, utaenda Mulot. Nimesema."

Nilifanya kazi kama mtu anayechimba shimo la kutokea. Nilitaipu maelezo mapya, nikapanga picha, nikampigia kijana simu kila laini ilipokuwa nzuri. Nilimwomba angalau maneno mengine yabaki nje ya picha, naye akayaweka chini kabisa, kwa herufi ndogo, ambapo baba mkwe hangejali. Lakini kuhusu jina la zamani na anwani za zamani, amri ilikuwa amri. Zilifutwa. Kijana aliniambia tu kwamba amejiwekea nakala kwenye disketi.

Kurasa mpya zilipendeza. Zilionyesha vilima vya chai vilivyokatwa sawasawa kama zulia, na kibao chenye jina la mama yake kikimetameta baada ya mvua. Baba mkwe alileta wazee wa kanisa kuziona. Walisimama nyuma yangu chumbani, wakapongeza, wakanywa chai.

Kisha kukawa kimya.

Modemu iliendelea kulia kila asubuhi na kuniletea sanduku tupu. Nilisimama mlangoni nikasema, "Leo hakuna, Baba." Siku iliyofuata nikasema tena. Mvua ya mchana ilikuja na mawe yake, ikapiga mabati mapya mpaka hatukusikilizana, na ilipokwisha, vile vilima vilibaki vimetuzunguka pande zote, kijani kile kile hadi macho yanapoishia. Watu hulipa kuja kuvitazama. Mimi nilivitazama kama mtu anavyotazama ukuta. Nilikuwa nimeahidiwa kuondoka wageni wakija, na wageni walikuwa wamezuiwa na yule yule aliyeahidi.

Niliandika jina la zamani kwenye mtambo wa kutafutia, kwa udadisi. Lo, tulikuwa bado juu, mstari wa kwanza, na maneno ya yule mwalimu kuhusu ndege wa bustanini. Nikabonyeza. Kukatokea ukurasa mweupe wenye maneno machache yanayosema kwamba kinachotafutwa hakipo. Nikaandika jina jipya. Mtambo haukulijua hata kidogo.

"Umeharibu nini?" baba mkwe aliniuliza wiki hiyo.

"Anwani za zamani hazipo, Baba. Wanaotutafuta wanafika mahali pasipo na kitu."

"Nilisema zisikuwe."

"Ndiyo, Baba."

"Basi tafuta njia ingine."

Njia nyingine haikuwepo. Niliandika kwa vyama vya watazamaji ndege, nikaomba kurasa mbili tatu za safari zitutaje kwa jina jipya. Mmoja alijibu kwamba atafikiria. Usiku mtoto alikohoa kwa unyevu wa kile chumba, maana tulilala humo humo, nami nikalala nikihesabu vitu ningefunga kwenye sanduku la bati, kisha nikavifungua tena kichwani, kimoja kimoja.

Alasiri moja, mvua ikiwa imepungua, teksi ya mjini ilimshusha bibi mmoja wa kizungu langoni. Hakuingia. Alisimama pale jiwe lilipokuwa, ameshika mwavuli, akitazama shimo lililojaa maji. Nilitoka nikidhani amepotea.

"Chamgei," akanisalimu kwa Kikipsigis, kama mtu wa pale. Kisha akaendelea kwa Kiswahili cha zamani, kile wazungu walichojifunza jikoni. "Mimi nilizaliwa hapa. Mjukuu wangu alitafuta nyumba kwa kompyuta, kompyuta ikasema hapana. Mimi nikafikiri, wamevunja. Nimekuja kuona mahali tu." Alipandisha macho kwenye bomba la moshi. "Lakini haijavunjika."

Baba mkwe alikuwa ametoka nyuma yangu na alikuwa amesikia yote. Hakumpa mkono upesi. Walisimama hivyo, wazee wawili kwenye matope, na nikaogopa atasema neno la kumfukuza.

"Mama yangu alichuma chai pale," akasema hatimaye, akionyesha mteremko kwa kidevu.

"Nakumbuka akina mama wakipita asubuhi na vikapu," bibi akajibu. "Kila siku, chini ya dirisha yangu. Sikujua jina hata la mmoja."

Baba mkwe akainua mkono kuelekea kibao kipya. "Ya mmoja ni hiyo."

Bibi alisogea, akavaa miwani, akalisoma jina polepole. Alilitamka vibaya. Baba mkwe akamrekebisha. Akalitamka tena, akarekebishwa tena, mpaka likatoka sawa. Ndipo akakaribishwa ndani. Mama mkwe alileta mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu, na yule bibi akanywa bila kukunja uso.

Alipokwenda kupumzika, baba mkwe alikuja kwenye chumba changu. Hakuwa na kawaida ya kuingia. Alizoea kusimama mlangoni. Safari hii alikaa juu ya mkebe wa rangi.

"Kombyuta inasema nyumba yangu haiko?"

"Inasema hivyo, Baba."

"Nyumba ya mama yangu. Haiko."

"Ndiyo."

Alitazama kioo kana kwamba kilikuwa mtu aliyemkosea heshima. "Ita yule kijana wa Kedowa."

Mstari wenyewe aliutunga yeye, nami nikauweka kwa Kiingereza. Ulisema kwamba nyumba hii ina jina la mwanamke aliyechuma chai hapa, na kwamba zamani iliitwa vile. Alisisitiza jina la mzungu lije mwisho. Kijana aliileta ile disketi, akafufua kurasa za zamani kwenye anwani zake, kila moja ikimpeleka msomaji kwenye mpya iliyofanana nayo: ukurasa wa mto kwa wa mto, ukurasa wa vyumba kwa wa vyumba. Maneno yakatolewa ndani ya picha. "Sasa tungoje," akaniambia. "Mitambo haina haraka."

Tulingoja msimu mzima wa mvua. Kisha asubuhi moja sanduku lilikuwa na barua, na kesho yake barua nyingine, na nilipoandika jina la zamani, nyumba ilikuwa juu kama kwanza; nilipoandika jipya, pia. Nilimpigia kijana simu, nikashindwa kuongea vizuri kwa furaha. Niliosha nguo zote za mtoto nikazikunja.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, baba mkwe aliwaambia wageni wa meza yake kwamba nyumba sasa inajulikana dunia nzima. "Na huyu," akasema bila kunitazama, "ndiye meneja. Bila yeye tunapotea tena. Huyu haendi mahali."

Wote walipiga makofi. Mume wangu hakuwepo. Niliinua sahani nikazipeleka jikoni, nikasimama mbele ya beseni la maji bila kuosha chochote. Kama ningeshindwa, ningebaki kwa kushindwa. Nilikuwa nimeweza, na sasa ningebaki kwa kuweza.

Mama mkwe alikuwa pale akikoroga ugali. Aliona.

Siku chache baadaye sanduku lilikuwa tupu, jambo la kawaida tu. Badala ya kusema hakuna, nilichukua karatasi nyeupe, nikaenda kusimama mlangoni mwa sebule, nikaanza kusoma.

"Mama mmoja ameandika, Baba. Anasema ana mume anayefundisha mbali, na mtoto asiyemjua baba yake vizuri. Anasema amekaa muda mrefu mahali ambapo watu ni wema kwake, lakini anaomba ruhusa ya kwenda kuishi na mume wake."

Baba mkwe aliendelea kutazama dirisha. Nadhani alielewa tangu sentensi ya kwanza.

"Huyo mama anataka jibu lini?"

"Leo, Baba, kama inawezekana."

"Mwambie mwenye nyumba hajui kombyuta."

"Anasema yuko tayari kumfundisha mtu."

"Mwenye nyumba ni mzee. Macho yameisha."

Sikuwa na la kusoma tena. Karatasi ilikuwa nyeupe mbele na nyuma. Ndipo sauti ikatoka nyuma yangu, kwenye ukumbi, kwa Kikipsigis.

"Mimi macho yangu yako," mama mkwe alisema. "Na cherehani nilijifunza bila mtu kunifundisha."

Baba mkwe aligeuza kichwa kabisa, akatutazama sote wawili, wanawake wawili kwenye mlango mmoja. Alikohoa. "Mwandikie huyo mama," akasema, "asubiri mpaka huyu mwingine ajue."

Haikuwa rahisi kama ninavyoisimulia. Mama mkwe alikishika kipanya kana kwamba kingemponyoka, alichoka, alikasirika, alifuta barua za wageni kwa bahati mbaya. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya msingi, nasi tukatunga majibu ya kawaida ambayo angeyatumia bila kubadilisha mengi. Kuna siku nilidhani hatajua kamwe, na kwamba mzee alilijua hilo alipokubali. Mara mbili mume wangu alileta pikapu ya rafiki yake kutuchukua, na mara mbili ikarudi tupu. Mtoto alikuwa tayari anavaa viatu vyake mwenyewe.

Kitu cha mwisho nilichomfundisha mama mkwe kilikuwa kuandika majina yote mawili kwenye mtambo na kuhakikisha kila moja linaleta ukurasa ulio hai. Alifanya hivyo mbele yangu, akasoma majibu akifuata mistari kwa kidole, kisha akazima kompyuta mwenyewe. "Nenda," akaniambia, "kabla hajakumbuka kazi nyingine."

Tuliondoka asubuhi. Baba mkwe alimbeba mtoto hadi kwenye pikapu, akampa mkate, akarudi ndani kabla gari halijawashwa. Tulipita Litein, tukapita Kapkatet, tukafika Bomet, na mahali fulani baada ya hapo chai iliisha. Nchi ikafunguka, ngano na vumbi na ng'ombe, na mbingu pana kuliko nilivyozoea. Nilitarajia kufurahi. Nilichohisi ni hofu, na mikono yangu haikujua pa kukaa.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ya vyumba viwili, haina umeme wala simu. Mume wangu alikuwa amefagia na kujaza mapipa maji. Nilikaa kitandani nivue viatu, nikasikiliza kama kuna mtu ananiita. Hakuna aliyeita. Nikajilaza kidogo, mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe, na nilipoamka jua lilikuwa limezama, na nilisikia binti yangu na baba yake jikoni wakibishana kuhusu chumvi.